Pawa saplai ya reli kwa paneli za mitambo: jinsi ya kuichagua, kuisafirisha na kuifunga

Lori limefika ghalani alfajiri, tayari kupakia. Mashine ya kusafisha na kufungasha mahindi imesimama tangu jana jioni. Mota ni nzima, mikanda ni mizima, na umeme wa njia tatu upo. Kilichokufa ni kijisanduku chenye ukubwa wa kitabu kilichopachikwa ndani ya paneli, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mashine yenyewe. Dereva anasubiri, mwenye mzigo anapiga simu, na fundi anasema kifaa hicho hakipatikani hapa mpakani mpaka kiagizwe mjini.

Kijisanduku hicho ni pawa saplai. Wafanyabiashara wanaovusha mashine na vipuri kati ya nchi zetu, pamoja na wasafirishaji wenye maghala, mizani, vyumba vya baridi au vituo vya mafuta, hukutana nacho mara nyingi bila kukifahamu vizuri. Wengi hununua kwa kuangalia namba mbili tu, yaani volti na ampea. Makala hii inaeleza kwa nini namba hizo hazitoshi. Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba ampea zilizoandikwa kwenye lebo ni za mazingira mazuri ya kiwandani. Ndani ya kabati la chuma lililofungwa, chini ya paa la bati, kifaa hichohicho hutoa pungufu.

KIFAA HIKI NI NINI

Pawa saplai hupokea umeme wa kawaida wa AC na kuugeuza kuwa umeme wa DC wa volti ndogo, mara nyingi volti 24. Wenye malori wanazifahamu volti 24, kwa sababu ndizo zinazotumika kwenye malori mengi makubwa. Katika paneli, volti 24 ndizo zinazoendesha kompyuta ndogo ya mtambo inayoitwa PLC, skrini, sensa, rilei, taa za ishara na valvu za hewa zinazofunguliwa kwa umeme. Mota kubwa hutumia umeme wake wenyewe, lakini amri ya kuiwasha hupita kwenye volti 24. Pawa saplai ikifa, mtambo wote husimama hata kama umeme mkubwa upo.

"Reli" ni ule ukanda wa chuma wenye upana wa mm 35 unaofungwa kwa skrubu ndani ya paneli, ambako breka, kontakta na rilei hupachikwa. Kipimo chake kilianzia kwenye viwango vya taasisi ya DIN ya Ujerumani, na leo kimo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60715. Reli ya kawaida ina kina cha mm 7.5, na ipo nyingine yenye kina cha mm 15 kwa vifaa vizito. Kwa kuwa kipimo ni kimoja dunia nzima, pawa saplai ya Taiwan, ya China au ya Ujerumani itakaa kwenye reli ileile. Ukaaji huo ndio unaowadanganya wengi, kwani kifaa kinaweza kukaa vizuri kwenye reli na bado kisifae kwa kazi.

Ukubwa unaopatikana sana madukani kwa volti 24 ni huu:

- Wati 60, ampea 2.5
- Wati 120, ampea 5
- Wati 240, ampea 10
- Wati 480, ampea 20
- Wati 960, ampea 40

HESABU YA KWANZA: MZIGO WAKO NI KIASI GANI

Usinunue kwa kuangalia kifaa kilichoungua peke yake. Huenda kiliungua kwa sababu kilikuwa kidogo tangu mwanzo, au kwa sababu mtu aliongeza sensa na valvu baadaye bila kupiga hesabu. Orodhesha kila kinachotumia volti 24, kisha jumlisha. Tuchukue mfano wa mashine ya kufungasha nafaka:

- PLC: ampea 0.5
- Skrini ya kugusa: ampea 0.5
- Sensa 10, kila moja ampea 0.03: ampea 0.3
- Rilei 12, kila moja ampea 0.02: ampea 0.24
- Valvu za hewa 8, kila moja ampea 0.2: ampea 1.6
- Kisomeo cha mizani: ampea 0.3
- Taa za ishara na king'ora: ampea 0.3

Jumla ni ampea 3.74. Mafundi wengi huongeza akiba ya asilimia 20 hadi 30. Tukiongeza asilimia 30 tunapata karibu ampea 4.9. Mfanyabiashara atasema, basi ya ampea 5 inatosha. Subiri kwanza tufike kwenye joto.

Kumbuka pia mkondo wa kuanzia. Mota ndogo ya DC, au kifaa chenye kapasita kubwa ndani yake, huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi kinapowashwa. Pawa saplai nyingine zina akiba ya ziada, kwa mfano asilimia 150 ya nguvu yake kwa sekunde chache. Nyingine hazina, na zikizidiwa hujizima na kujiwasha tena na tena. Ukiona taa ya kijani inapepesa mara tu mtambo unapoanza, shuku jambo hilo kabla hujasema kifaa ni kibovu.

HESABU YA PILI: JOTO

Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji huwa na mchoro unaoonyesha jinsi nguvu inavyopungua joto linapoongezeka. Pawa saplai nyingi hutoa nguvu yake yote hadi nyuzi joto 50, kisha nguvu hupungua, mara nyingi kwa asilimia 2.5 kwa kila nyuzi moja inayozidi. Nyingine nzuri zaidi hufika nyuzi 60 kabla ya kuanza kupungua. Joto linalozungumzwa hapa ni la hewa inayokizunguka kifaa ndani ya paneli, siyo la nje ya jengo.

Turudi kwenye mfano wetu. Nje kuna nyuzi 35, paneli ni ya chuma, imefungwa kwa sababu ya vumbi la pumba, na ndani yake kuna vifaa vingine vinavyotoa joto. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 60, kifaa kinachoanza kupungua kwenye nyuzi 50 kimepoteza asilimia 25. Ile pawa saplai ya ampea 5 sasa inatoa ampea 3.75. Mzigo wetu ni ampea 3.74. Yaani akiba yote imekwisha, na valvu moja tu ikiongezwa mtambo utaanza kuzima saa nane mchana na kufanya kazi vizuri usiku. Fundi atahangaika na sensa na nyaya wiki nzima, kumbe tatizo ni joto. Kwa mzigo huu, nunua ya ampea 10. Kwenye nyuzi 60 itatoa ampea 7.5, na itafanya kazi kwa nusu tu ya uwezo wake.

Joto pia hufupisha maisha ya kifaa. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zenye maji ya kemikali ambayo hukauka polepole. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, maisha ya kapasita hizo hupungua kwa nusu. Kifaa kilichotarajiwa kudumu miaka kumi kwenye nyuzi 40 kinaweza kudumu miwili na nusu kwenye nyuzi 60.

Kwa hiyo angalia ufanisi ulioandikwa kwenye lebo au kwenye karatasi. Pawa saplai ya wati 240 yenye ufanisi wa asilimia 94 hupoteza takriban wati 15 kuwa joto inapofanya kazi kwa nguvu zote. Yenye asilimia 80 hupoteza wati 60, mara nne zaidi, na joto hilo lote linabaki ndani ya kabati lako. Bei ya pili huwa chini dukani, lakini unailipa baadaye kwa feni, kwa umeme na kwa kubadilisha kifaa.

Kwa wanaopeleka mashine nyanda za juu kuna jambo la ziada. Hewa nyepesi hupooza kidogo. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya nguvu kamili hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji kama Eldoret umevuka kimo hicho, hivyo soma kipengele cha kimo kabla ya kuuza kifaa kule. Kwa upande wa pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, adui ni unyevu na chumvi. Pawa saplai hizi kwa kawaida zina kinga ya IP20, maana yake zinazuia kidole kugusa sehemu ya umeme, lakini hazizuii maji hata kidogo. Lazima ziwe ndani ya paneli yenye mlango na mpira mzima.

UMEME UNAOINGIA

Nchi zetu hutumia umeme wa volti 220 hadi 240 kwa njia moja, hertzi 50, na mitambo mikubwa hutumia njia tatu. Pawa saplai iliyo bora kwa biashara ya mipakani ni ile inayokubali kuanzia takriban volti 85 hadi 264 bila kubadilisha kitu. Umeme ukishuka hadi volti 170 jioni, kifaa hicho hakitishiki.

Jihadhari na zile zenye swichi ndogo pembeni ya kuchagua volti 115 au 230. Baadhi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 115. Ukiunganisha kwenye umeme wetu bila kugeuza swichi, itaungua mara moja, na muuzaji atasema umeiunguza mwenyewe, na atakuwa na haki. Zipo pia za njia tatu, zinazotaka takriban volti 400, ambazo hufaa pale ambapo paneli haina waya wa nyutro.

Kupanda kwa umeme ni hatari zaidi kuliko kushuka. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, kifaa cha volti 230 kinaweza kupata umeme unaokaribia volti 400. Mvua za radi za maeneo ya Ziwa Victoria nazo zinafahamika. Kwa sehemu hizo, weka kinga ya radi kwenye mlango wa umeme wa paneli, na kifaa cha kukata umeme unapozidi, kinachofanya kazi kama ile gadi ya friji ya nyumbani lakini cha kufungwa kwenye reli.

Wenye kutumia jenereta wahakikishe mzunguko wake uko kati ya hertzi 47 na 63, kiwango ambacho pawa saplai nyingi hukubali. Wenye inveta ya sola watumie inveta inayotoa wimbi kamili, siyo zile za bei ya chini zenye wimbi la mraba, ambazo huzipasha joto baadhi ya pawa saplai.

JINSI YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Ukiwa dukani Kariakoo, Nairobi au Kampala, au ukiagiza Dubai au Guangzhou, fanya ukaguzi huu:

1. Soma namba kamili ya modeli na utafute karatasi yake ya maelezo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama modeli haipo, acha.

2. Pima uzito kwa mkono na ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye karatasi. Kifaa bandia mara nyingi ni chepesi kwa sababu sinki la kupoozea joto na kapasita za ndani ni ndogo.

3. Angalia lebo: maandishi yenye makosa, namba ya mfululizo inayofanana kwenye maboksi mawili, au alama za usalama zilizochapwa vibaya ni dalili mbaya. Kumbuka kwamba alama ya CE kwa vifaa vya aina hii huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, hivyo alama peke yake si ushahidi. Omba hati ya majaribio inayotaja kiwango, kama vile IEC 62368-1 au IEC 61010.

4. Angalia tarehe ya kutengenezwa. Kapasita huzeeka hata zikiwa kwenye boksi. Mwenye duka auze kwanza zilizotangulia kuingia.

5. Jaribu kwa mzigo. Hapa msafirishaji ana faida, kwa sababu balbu za lori za volti 24 ni mzigo mzuri wa kupimia. Balbu ya wati 21 huvuta takriban ampea 0.9, hivyo balbu tano zinafikisha takriban ampea 4.4. Balbu tatu za taa kubwa za wati 70 zinafikisha karibu ampea 8.8, zinazofaa kupima kifaa cha ampea 10. Ziwashe moja moja, kwa sababu balbu baridi huvuta umeme mwingi sana kwa kitambo kidogo. Acha ziwake nusu saa huku ukipima volti. Kifaa kizuri kitabaki karibu kabisa na 24. Kikishuka hadi 22, au kikijizima, kirudishe.

Usijaribu kuigeuza pawa saplai ya kawaida kuwa chaja ya betri za lori. Chaja ina udhibiti wa kuchaji ambao pawa saplai ya kawaida haina, na unaweza kuharibu vyote viwili.

KUVUKA MPAKA

Pawa saplai peke yake huingia kwenye forodha chini ya namba 8504.40, kundi la vigeuza umeme. Ikiwa imefungwa ndani ya paneli kamili, paneli nzima kwa kawaida huangukia kichwa cha 8537. Ushuru wa makundi haya si lazima ulingane, kwa hiyo mwambie wakala wako wa forodha ukweli wa mzigo kabla ya kufika, usiandike "vipuri" tu. Neno hilo ndilo linalofungua maboksi na kuchelewesha gari.

Jambo la pili ni asili ya bidhaa. Kifaa kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu kimenunuliwa Nairobi na kuvuka Namanga. Cheti cha asili cha Jumuiya hutolewa kwa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili, siyo kwa bidhaa zilizopita tu. Beba ankara halali na hati za forodha zinazoonyesha kwamba ushuru wa kuingia ulilipwa.

Jambo la tatu ni ubora. Mashirika ya viwango kama KEBS ya Kenya, TBS ya Tanzania na UNBS ya Uganda huvikagua vifaa vya umeme, na kwa shehena zinazotoka nje ya kanda mara nyingi cheti cha ubora hutakiwa kabla mzigo haujapakiwa melini. Kongo ina OCC. Uliza utaratibu unaotumika kwa bidhaa yako kabla ya kulipa kiwanda, kwani kulipia ukaguzi mzigo ukiwa umeshafika bandarini ni ghali zaidi.

KUSAFIRISHA PANELI ILIYOKAMILIKA

Pawa saplai ya wati 480 inaweza kuzidi uzito wa kilo moja, na hushikwa kwenye reli na klipu moja au mbili tu. Barabara ya vumbi yenye makorongo inaweza kuitoa kwenye reli, ikaning'inia kwa nyaya zake na kugonga vifaa vingine. Kabla ya safari ndefu, iondoe na uifunge kwenye boksi lake, au weka vizuizi vya mwisho vya reli pande zote mbili na kuifunga kwa mkanda. Paneli isafiri ikiwa imesimama, imefunikwa turubai, na matundu ya nyaya yamezibwa.

Gari likitoka nyanda za baridi na kushuka pwani, unyevu hujikusanya juu ya vifaa kama kwenye soda iliyotoka kwenye friji. Fungua mlango wa paneli na uache saa kadhaa ikauke kabla ya kuwasha.

KUFUNGA HATUA KWA HATUA

Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo, mwenye mali anapaswa kujua kinachotakiwa ili aweze kukagua.

1. Zima umeme mkuu, funga swichi kwa kufuli, na pima kuhakikisha hakuna umeme. Ukiondoa pawa saplai ya zamani, subiri dakika kadhaa. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Usifungue kasha lake.

2. Chagua mahali. Joto hupanda, hivyo usiiweke juu ya inveta ya mota au kifaa kingine kinachotoa joto. Reli iwe ya mlalo na kifaa kisimame wima kama mtengenezaji alivyoonyesha, ili hewa ipite kutoka chini kwenda juu. Kukilaza ubavu hupunguza nguvu yake.

3. Acha nafasi. Watengenezaji wengi hutaka mm 20 hadi 50 juu na chini, na angalau mm 5 ubavuni, zaidi kama jirani yake anatoa joto. Tranki ya nyaya isizibe matundu ya hewa. Kosa hili linaonekana kwenye paneli nyingi: nyaya zimepangwa vizuri sana, lakini zimeziba pumzi ya kifaa.

4. Pachika sehemu ya juu ya klipu kwenye reli kwanza, kisha sukuma chini mpaka usikie mlio. Vuta kidogo kuhakikisha imeshika.

5. Unganisha waya wa ardhi wa kijani na njano kwanza, kisha nyutro, kisha laini. Waya wa mm² 1.5 unatosha kwa umeme unaoingia kwenye pawa saplai nyingi ndogo na za kati. Usiamini rangi za nyaya kwenye paneli ya zamani. Zipo zenye nyekundu na nyeusi za mfumo wa zamani wa Uingereza, na zipo zenye kahawia na bluu. Pima.

6. Weka breka yake peke yake kwenye umeme unaoingia. Pawa saplai ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa wa kuanzia, wakati mwingine ampea 30 hadi 60, kwa muda mfupi mno. Breka ya aina B inaweza kuruka bila kosa lolote. Aina C ndiyo inayopendekezwa mara nyingi, kwa ukubwa uliotajwa kwenye karatasi ya kifaa.

7. Kwa upande wa volti 24, tumia waya wa mm² 2.5 kwa ampea 10. Nyaya zenye nyuzi nyingi zifungwe feruli, yaani vile vijibomba vidogo vya kubana ncha ya waya, kwa koleo lake maalumu. Usipake risasi ya kuchomelea kwenye ncha. Risasi hulegea chini ya skrubu kadiri siku zinavyopita, na muunganiko uliolegea huzaa moto.

8. Gawa mzigo kwa fyuzi ndogo. PLC na skrini zipate fyuzi yao, sensa yao, valvu yao. Usitegemee breka kubwa moja. Kukitokea shoti, pawa saplai hujizuia na haitoi umeme wa kutosha kuirusha breka ya ampea 10 haraka, hivyo volti hushuka kwa paneli nzima na PLC huzima. Fyuzi ya ampea 1 au 2 kwa kila tawi hukatika upesi na kukuonyesha mahali penye kosa.

9. Unganisha upande hasi wa volti 24 na waya wa ardhi, mahali pamoja tu, kama mchoro wa mtambo unavyosema. Faida yake ni kwamba waya chanya ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi inakatika. Bila hivyo, michubuko miwili inaweza kuwasha kontakta bila mtu kubonyeza chochote, wakati mkono wa mfanyakazi uko ndani ya mashine.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Toa fyuzi zote za volti 24, kisha washa. Pima sehemu ya kutokea. Inatakiwa isome 24. Hakikisha chanya na hasi havijapishana. Baadaye rudisha fyuzi moja baada ya nyingine, ukiangalia volti kila mara. Endesha mtambo kwa mzigo kamili kwa saa moja au mbili, mlango ukiwa umefungwa, kisha pima joto la ndani. Kipimo hicho ndicho kinachokuambia kama hesabu yako ya joto ilikuwa sahihi.

Sensa zikiwa mbali, pima pia kule mwisho wa waya. Chukua kifaa kinachovuta ampea 2 umbali wa mita 40. Kwa waya wa mm² 1.5 utapoteza karibu volti 1.9, na kifaa kitapata 22.1. Kwa waya wa mm² 0.75 utapoteza karibu volti 3.7 na kubaki na 20.3, wakati PLC na vifaa vingi vinataka angalau 20.4. Dawa ni waya mnene. Skrubu ndogo ya kuongeza volti, ambayo mara nyingi hufika 28, itumike kwa kiasi, kwa kuwa vifaa vilivyo karibu navyo vitapata volti hizo zilizoongezwa.

UMEME UKIKATIKA

Pawa saplai nyingi hubaki na umeme kwa takriban milisekunde 20 baada ya kukatika, yaani mzunguko mmoja wa umeme wa hertzi 50. Kwa mizani au kituo cha mafuta ambako hesabu haitakiwi kupotea, ongeza kifaa cha reli cha kuhifadhi umeme wa volti 24 pamoja na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Betri zisikae sehemu ya juu ya paneli yenye joto, kwa sababu joto huzifupishia nazo maisha.

KUMBUKUMBU YA MFUKONI

Kabla ya kununua au kuvusha, jibu maswali haya:

- Jumla ya ampea za mzigo ni ngapi, na akiba umeweka?
- Joto la ndani ya paneli ni nyuzi ngapi, na kifaa kinatoa ampea ngapi kwenye joto hilo?
- Kinakubali volti 85 hadi 264, au kina swichi ya kugeuza?
- Karatasi ya mtengenezaji unayo mkononi?
- Umekijaribu kwa mzigo?
- Namba ya forodha, ankara na cheti cha ubora viko tayari?
- Unayo moja ya akiba ghalani?

Swali la mwisho lisidharauliwe. Pawa saplai moja ya akiba, iliyojaribiwa na kuandikwa tarehe, huchukua nafasi ndogo kwenye rafu. Fundi anaweza kuibadilisha kwa nusu saa, na lori lililofika alfajiri likaondoka limepakia kabla ya jua kuwa kali.